Kuvuka Kiangazi na Bustani, Kuku na Mbwa

Saa kumi na moja jioni, katikati ya Februari, ndipo ua wetu hapa Kamulu huanza kuchangamka. Kuku hutoka chini ya mwembe walikojificha tangu saa nne asubuhi, wakijikung'uta vumbi. Simba, mbwa wetu, huinuka kutoka kwenye shimo alilolichimba mwenyewe kando ya tangi, mahali ambapo udongo hubaki na unyevu kidogo. Na paka huja kuketi juu ya ukuta mfupi wa jikoni akingoja. Wakati huo mimi hujaza kopo la kumwagilia na kuanza mzunguko wangu wa kila jioni kutoka kwenye sukuma wiki hadi kwenye managu, nikiruka ufa mrefu uliopasuka katikati ya njia, ambao vidole vyangu vinne huingia bila kubanwa.

Huu ni mwaka wa saba tangu tulipotoka nyumba ya kupanga Umoja na kuja huku pembezoni mwa jiji, kando ya barabara ya Kangundo, ambako ardhi inateremka kuelekea Machakos na jua ni kali kuliko katikati ya Nairobi. Kila mwaka huwaona majirani wapya waliomaliza kujenga, wakapanda mboga, wakanunua vifaranga na kuleta mbwa wa kulinda boma, kisha Februari inapofika mboga zimekauka, kuku wamepungua na mbwa ni mgonjwa. Sisi tuliyapitia hayo yote mwaka wetu wa kwanza. Kosa letu kubwa lilikuwa kudhani kwamba bustani ni shughuli moja na wanyama ni shughuli nyingine, ilhali wote hutegemea tangi moja na kivuli kimoja, na chochote unachokimwaga upande huu wa ua hatimaye hufika upande ule.

Nianze na maji, kwa sababu bila hayo mengine yote ni maneno matupu. Kiangazi cha Januari hadi Machi hutayarishwa Novemba, wakati mvua za vuli zingali zinanyesha. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Paa letu lina takriban mita 100 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 hutupatia karibu lita 2,000, ukitoa kiasi kinachomwagika kwenye gata. Sasa fanya hesabu ya matumizi. Tuna vitalu vinne vya mboga, na kila kimoja hupata mtungi wa lita 20 kwa kuruka siku moja, yaani wastani wa lita 40 kwa siku kwa vitalu vyote. Kuku 12 hunywa kama lita sita siku ya joto kali, Simba hunywa lita mbili hivi, na kusafisha vyombo vyao kunatufikisha lita 50. Tangi la lita 5,000, kwa matumizi hayo, linatosha siku 100. Likiwa limejaa tarehe 15 Desemba, litatufikisha wiki ya mwisho ya Machi, wakati ambapo mvua za masika kwa kawaida huwa zimeanza au zinakaribia.

Kwa ajili hiyo tangi moja kati ya mawili tuliyo nayo ni la ua peke yake, na mfereji wake una kufuli. Mume wangu aliona jambo hilo kuwa la kupita kiasi, hadi tulipolazimika kununua maji ya lori mara tatu katika mwezi mmoja. Maji ya kisima yapo, lakini visima vingi vya upande wetu vina chumvi. Nilipomwagilia sukuma kwa maji hayo wiki tatu mfululizo, kingo za majani zilikauka na utando mweupe ukatanda juu ya udongo. Tena visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, ambayo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia. Hivyo maji ya kisima tunafulia na kupigia deki, na ya mvua tunayahifadhi kwa mimea na kwa vinywa, vya watu na vya wanyama.

Udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Jirani yetu, mama wa makamo ya nyanya yangu ambaye mtaa mzima humwita Susu, yaani nyanya, kwa desturi ya Kikamba, alikuja siku moja akatazama matuta yangu yaliyoinuliwa vizuri, akaniambia, "Mwanangu, hayo ni matuta ya Aprili. Sasa hivi unalima upepo." Alikuwa na haki. Tuta lililoinuka hukauka kutoka juu na pande zote, kwa hiyo wakati wa kiangazi kitalu kinapaswa kuzama, kiwe chini ya usawa wa njia kwa kina cha kiganja kimoja, ili maji yatulie pale pale mzizi ulipo. Juu yake tandaza nyasi kavu kwa unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina ili lisioze. Ukizifunua nyasi hizo saa saba mchana na kuingiza kidole, utaukuta udongo ungali baridi, wakati hatua moja pembeni umekauka kama tofali. Tangu nianze kutandaza nyasi, ninamwagilia nusu ya maji niliyokuwa nikitumia.

Sasa nieleze jambo ambalo hadi leo huniuma. Januari ya mwaka wetu wa kwanza, vidukari walivamia sukuma. Ukigeuza jani, upande wa chini wote ulikuwa umefunikwa na kitu kama majivu yaliyo hai. Nilikwenda dukani nikauziwa dawa iliyopimwa kutoka kwenye chombo kikubwa na kutiwa ndani ya chupa ya soda, bila lebo, bila maelezo, isipokuwa kwamba kifuniko kimoja kinatosha pampu moja. Niliinyunyiza asubuhi ya Jumamosi. Kabla ya saa sita, kuku walikuwa wamepenya kwenye tundu la ua wa matete na kuingia bustanini, ambako walidonoa majani na wadudu waliokuwa wakianguka. Kufikia magharibi, kuku wanne kati ya tisa walikuwa wamekufa, na binti yangu, aliyekuwa amewapa wote majina, aliwashika mmoja baada ya mwingine akinitazama. Susu ndiye aliyetuonya tusimtupie Simba mizoga ile, akatuamuru tuchimbe shimo refu, kwa sababu sumu iliyoua kuku inaweza kumdhuru mbwa anayemla.

Ushauri wangu hapa hauna masharti. Usinunue dawa ya wadudu iliyohamishwa kutoka chombo chake cha asili. Dawa halali ina lebo yenye nambari ya usajili ya bodi ya serikali inayosimamia dawa hizo, na lebo hiyo hueleza kipimo pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwa bustani ya nyumbani, hata hivyo, mara nyingi huhitaji kufika huko. Mimi siku hizi hugeuza majani kila baada ya siku tatu, huyachuma yaliyoshambuliwa sana, na yaliyobaki huyaosha upande wa chini kwa maji yenye kijiko kimoja cha sabuni ya maji katika kila lita, wakati wa jioni ili jua lisiyachome. Vidukari hufa au huanguka. Kazi hiyo hunichukua nusu saa, na kuku hawadhuriki. Nayo matete ya ua tuliyaondoa tukaweka waya wa kuku uliofukiwa chini kidogo.

Upande wa mbwa, joto ni adui ambaye wengi hawamfikirii. Tulimjengea Simba kibanda cha mabati kinachotazama magharibi, tukamfunga mnyororo mchana kutwa, tukaamini tumemtendea wema. Mwanangu aliporudi shuleni alasiri moja alimkuta amelala ubavu, akihema kwa sauti, mate mazito yakimtoka na ufizi wake umekuwa mwekundu sana. Daktari wa mifugo tuliyempigia simu alituambia tumhamishie kivulini, tummwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na kwenye nyayo, tumpepee kwa kadibodi, tumpe maji kidogo kidogo bila kumlazimisha, kisha tumpeleke kliniki hata akionekana ameamka. Alipona. Kibanda cha mabati tulikibomoa siku iliyofuata. Cha sasa ni cha mbao, kimeinuliwa juu ya mawe ili upepo upite chini, kimeezekwa kwa nyasi, na kipo chini ya mwarobaini, mti ambao huku hustawi hata mvua ikikosa. Mchana hafungwi. Matembezi yake ni kabla ya saa moja asubuhi au baada ya jua kuzama, na nikiwa na shaka huweka nyuma ya kiganja changu juu ya lami: nisipoweza kuvumilia kwa sekunde saba, nyayo zake nazo haziwezi.

Kuku hawatoki jasho. Ukiwaona wamepanua midomo na kuachia mabawa mbali na mwili, wanajipoza, na mayai yatapungua kwa muda. Usihangaike kuwaongezea chakula. Walishe alfajiri na jioni, kwa maana mmeng'enyo nao huzalisha joto, na maji yao uyaweke ndani ya chungu kivulini, uyabadilishe saa sita. La kukazia zaidi ni chanjo ya kideri, ugonjwa unaoweza kumaliza banda zima ndani ya wiki moja. Sisi hurudia chanjo hiyo kila baada ya miezi mitatu. Kwa kuwa kichupa tunachonunua ni cha dozi 100 na kikishachanganywa kinapaswa kutumika ndani ya saa mbili hivi, tumeungana nyumba sita: mmoja huileta kutoka agroveti ndani ya thamosi yenye barafu, na wote tunachanja asubuhi hiyo hiyo, tone moja jichoni kwa kila kuku.

Ua wa minyaa ni mzuri kwa ukame, lakini utomvu wake mweupe huunguza macho, ya mtoto na ya mbwa vilevile, kwa hiyo anayeupogoa awafungie wote ndani kwanza. Mayungiyungi ya mapambo (lily) hayafai kabisa katika nyumba yenye paka, kwani huharibu figo zake hata akila kidogo. Sumu ya panya sisi hatuiingizi ndani ya lango; paka anafanya kazi hiyo.

Kichaa cha mbwa hakina majira, ila Desemba wageni na watoto huwa wengi uani, nasi huhakikisha kabla ya hapo kwamba Simba na paka wamechanjwa. Chanjo ya kwanza hutolewa mnyama akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, hata mbwa anayemfahamu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, maana dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na lengo hilo linaanzia kwenye milango yetu.

Masika yakikaribia, panda juu usafishe gata na utenganishe bomba linaloingia tangini, kwa sababu mvua ya kwanza hubeba vumbi la miezi mitatu na kinyesi cha ndege. Iache imwagike bustanini. Maji yakianza kushuka meupe, rudisha bomba mahali pake, halafu chukua jembe uinue vitalu tena kabla udongo haujaanza kunata.