Weka kopo la stachi chini kwanza, hiyo kisutu umeiosha?

Dada subiri. Umesema unashona mfarishi, lile tandiko la kitanda lenye pamba katikati, una khanga za zamani za mama yako za juu, umenunua doti mpya ya kisutu, ile khanga ya harusi yenye wekundu, ya kuzungushia mpaka pembeni, bitana ni bafta nyeupe, na hutaki kupiga bandi kwa sindano, yaani ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, unataka upulizie stachi, ule wanga wa kopo wa kukazia nguo, tabaka zote tatu zishikane halafu upitishe cherehani. Ukauliza makopo mangapi na kama pamba ya poliesta inafaa kuwekwa katikati. Hujasema popote kama kisutu umeiosha, na mimi nilipotea hapo hapo.

Nilikuwa nashona mfarishi wa harusi ya binti wa kaka yangu. Khanga tano za marehemu bibi, zimefuliwa miaka na miaka mpaka zimelainika kama hariri, nikazikata viraka, nikaunga vizuri kabisa, na kwenye mpaka wa pembeni nikaweka kisutu mpya kwa sababu harusi bila kisutu kwetu haiingii akilini. Kuna mama mmoja nilimtazama kwenye video akifundisha, alisema puliza stachi kwa wingi, kandamiza kwa mkono, kunja kama mkeka, acha ilale usiku, asubuhi piga pasi ya moto. Nikafanya hivyo hivyo, neno kwa neno.

Asubuhi nakunjua, wekundu umeingia kwenye bafta, umeingia kwenye viraka vya bibi, ile khanga yake ya njano ambayo alikuwa anaivaa kila Idi imekuwa na madoa ya waridi kama imemwagiwa sharubati. Na mimi kwa kuchanganyikiwa nikachukua pasi nikasema labda ikikauka itafifia!! Moto ndio ukaishikisha kabisa. Nikaloweka, nikatia sabuni, nikatia chumvi kama majirani walivyosema, wapi. Kisutu dukani zipo kila siku, ila khanga za bibi nitazitoa wapi jamani, nililia kama msibani.

Sasa elewa kilichotokea. Stachi ya kopo sehemu kubwa ni maji, wanga ni kidogo tu. Ili tabaka zishikane lazima uloweshe sana, na ile pamba ya katikati inanyonya maji na kuyashikilia, kwa hiyo kitambaa kinakaa kibichi masaa mengi huku kimebanana na chenzake. Khanga mpya mara nyingi ina rangi ambayo haijashika kwenye uzi, inasubiri maji tu ichuje. Ukikunja ikiwa mbichi ndio umeipa njia ya kwenda kila mahali.

Na kinachoniuma zaidi, miezi baadaye namsikia huyo huyo mama kwenye video nyingine anasema kwa kupitia tu, "mimi vitambaa vyangu vyote huwa nafua kabla sijakata." Sasa kwanini hukusema siku ile?? Unafundisha watu kulowesha vitambaa halafu jambo la kwanza kabisa unalificha mfukoni! Watu wanakata nguo za wazazi wao kwa maneno yako.

Kwa hiyo dada, kila kitambaa kipya kifue peke yake, beseni lake, usichanganye. Suuza mpaka maji yatoke meupe, hata kama ni mara sita. Kikikauka chukua kipande cheupe cha bafta, kiloweshe, kiweke juu ya kisutu na upige pasi, ukiona hata uwekundu kidogo rudi kwenye beseni. Kama haikomi, hiyo kisutu usiitumie, tafuta nyingine. Na bafta nayo ifue, maana pamba mpya inarudi, ukiifua baada ya kushona mfarishi wote unajikunja.

Stachi yenyewe sina ugomvi nayo. Puliza kidogo kidogo, tandaza usikunje, acha ikauke kabisa kwa hewa. Wanga sio gundi lakini, ukivuta vuta tabaka zinateleza, weka na pini pembeni. Pamba ya poliesta na pasi yenye moto wa nguo za pamba haviendi, inalala bapa na haiinuki tena. Ukimaliza kushona fua, wanga ukibaki unaita wadudu.

Ila hayo yote baadaye. Leo leo tia hiyo kisutu kwenye beseni, halafu urudi uniambie maji yametoka rangi gani.