Ukoma, kinga ya mwili na dawa ya minyoo: daktari anajibu

Barua za wiki hii nyingi zimetoka Eastlands, na karibu zote zinauliza jambo moja: je, mgonjwa wa ukoma anaweza kupewa dawa ya kumwongezea kinga?

Daktari, nimesoma kwamba levamisoli, dawa ya minyoo, iliwahi kujaribiwa kwa wagonjwa wa ukoma. Minyoo na ukoma wapi na wapi? – Mama Brayo, Kayole

Ni kweli, mama. Miaka ya 1970 watafiti waliona kwamba dawa hiyo, mbali na kulemaza minyoo, inaweza kuchangamsha chembe nyeupe za damu zilizozubaa. Na mgonjwa wa ukoma ule mkali ana tatizo hilohilo: chembe zake hupambana na maradhi mengine vizuri tu, lakini bakteria wa ukoma zinampita kama hazimwoni. Kwa hiyo wazo halikuwa la kipuuzi. Matokeo ndiyo yaliyoyumba, na dawa haikuingia kwenye tiba. Isitoshe, kuna watu ambao levamisoli huwaporomoshea chembe hizohizo nyeupe. Ile ya agroveti ni ya mbuzi, iacheni huko.

Lakini kinga ikipanda si mgonjwa anapona haraka? – Otis, Umoja

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Bakteria wa ukoma ni mzembe, hugawanyika mara moja kwa takriban wiki mbili, na hupenda kujificha ndani ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Kinga ikiamka ghafla, vita vinapiganwa humohumo ndani ya neva. Ile inayopita nyuma ya kiwiko huvimba, ukiigusa mgonjwa anaruka, na isipotibiwa mapema kidole cha mwisho na cha pete vinajikunja visinyooke tena. Huo ndio mmenyuko wa ukoma, na tunautibu kwa prednisoloni, dawa inayotuliza kinga. Yaani tunaishusha ileile mnayotaka tuipandishe! Hata sindano za gama-interferoni, kemikali ya mwili inayochangamsha kinga, zilizojaribiwa tangu miaka ya 1980, ziliamsha kinga ya ngozi kweli, lakini wagonjwa wengi wakaishia na vinundu vya maumivu na homa.

Ndiyo maana jaribio la dawa za kinga linalohesabu bakteria pekee halinishawishi; nataka kujua neva nazo ziko salama. Nataka kuona mgonjwa amefumba macho, anaguswa kiganja na nyayo kwa ncha ya biro, anaonyesha alipoguswa, na hilo linarudiwa kila mwezi.

Nikialikwa kwenye utafiti kama huo, nitapewa kidonge bandia? – Msomaji, Kawangware

Huenda, na si ulaghai, mradi umeambiwa mapema. Kidonge bandia kinasimama badala ya ile dawa ya nyongeza tu. Tiba yenyewe, rifampisini, dapsoni na klofazimini, kila mtu anaimeza: miezi 6 kwa wenye bakteria wachache, 12 kwa wenye wengi, bila malipo. Mtu akikwambia usimamishe hizo ili apime yake, chukua mkoba wako uende. Ulizia kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Dawa na Sumu. Halafu uliza swali ambalo wengi husahau: nani ataniangalia utafiti ukiisha? Mmenyuko unaweza kuja hata baada ya kumaliza dawa.

Baba ameuziwa unga wa mlonge Gikomba wa “kuongeza kinga”. Atumie? – Shiru, Buruburu

Mlonge ni mboga. Ale na ugali, na vidonge vyake ameze vilevile.

Tumtengee mjomba sahani na kikombe? – Halima, Eastleigh

La hasha, dada. Ukoma hauambukizwi kwa sahani, na akishaanza dawa hawaambukizi tena. Kagueni ngozi za wanaoishi naye, watoto wakiwemo: baka lililopauka au jekundu lisilohisi mguso lipelekwe kliniki. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wa karibu wasio na dalili wapewe dozi moja ya rifampisini, baada ya kupimwa na mgonjwa mwenyewe kuridhia. Uliza kituo chenu cha afya kuihusu.