Binti wa miaka 9 na programu yake ya kwanza

Ndugu yangu wa Mikindani, umeuliza umwanzishie wapi binti yako wa miaka 9 anayependa kompyuta na vichekesho, ilhali bando halitoshi nyumbani. Anza na Scratch, programu ya kuwafundisha watoto kutunga programu zao kwa kupanga vipande vya amri, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, kwa sababu ni ya bure, ina Kiswahili, na ukishaipakua kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti. Mwache amwamuru paka wa kwenye skrini atege kitendawili, asubiri sekunde 2, kisha ajibu; binti yangu aliurekebisha muda huo wa kusubiri jioni nzima mpaka bibi yake akacheka, na hapo ndipo alipoelewa jinsi amri zinavyofuatana. Kompyuta yenyewe usiiweke kwenye dirisha linaloelekea baharini, maana hewa ya chumvi huleta kutu.