Unaanza cherehani? Njoo kila siku, kidogo kidogo

Nafundisha ushonaji Tandika. Wengi wanaokuja kujiandikisha wanataka Jumamosi tu, washinde kutwa nzima, kwa kuwa katikati ya wiki wamebanwa na kazi. Nawaelewa kabisa, Dar hii muda wote unaishia barabarani. Lakini bado nawaomba wagawe: nusu saa kila jioni itamfikisha mtu mapema kuliko kutwa moja ya Jumamosi.

Sababu iko kichwani. Sehemu ya ubongo inayoamrisha misuli, gamba la mwendo, ni ukanda unaopita juu ya kichwa kuelekea usawa wa masikio, huku na huku. Ukanda wa kushoto unaendesha mkono na mguu wa kulia, wa kulia unaendesha wa kushoto. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Montreal, aliuchorea ramani, na ikaonekana kuwa mikono na mdomo vina eneo kubwa kuliko kiwiliwili kizima.

Kinachonifurahisha mimi mwalimu ni kwamba ramani hiyo hubadilika kwa mazoezi. Mwaka 1995 Alvaro Pascual-Leone na wenzake walichapisha utafiti wa watu wasiojua piano waliofanya zoezi la vidole saa 2 kwa siku, kwa siku 5. Eneo la ubongo linaloongoza vidole hivyo lilipanuka. Kundi jingine lilikaa mbele ya piano likiwaza tu zoezi lile bila kusogeza vidole, na kwao pia lilipanuka. Kwa hiyo ukiwa kwenye daladala na foleni haisogei, funga macho ushone kichwani: kisigino, vidole, kisigino, vidole, kitambaa kinakwenda.

Sasa kwenye cherehani ya miguu, ugumu ni kuunganisha. Miguu ina mdundo wake, mikono inaongoza kitambaa, macho yako kwenye sindano. Mguu ukikanyaga vibaya gurudumu linarudi nyuma, uzi unajisokota chini, unakatika. Binti mmoja aliniambia karibu analia, "Fundi, mguu haunisikii." Nikatoa uzi, nikainua kile kichuma kinachokandamiza kitambaa, nikamwambia mikono aiweke mapajani, aangalie ukutani, akanyage tu. Alikanyaga mpaka gurudumu likawa linaanza mbele lenyewe bila kulisukuma.

Ndivyo ninavyokushauri uanze. Miguu peke yake kwanza. Ikitulia, weka karatasi ya daftari, bado bila uzi, ufuate mistari yake. Ninaipenda karatasi kwa sababu haifichi kitu: iinue kwenye mwanga utaona vitundu vilipoacha mstari, na mara nyingi ni pale pale ulipoongeza kasi. Kisha chora duara ulifuate. Kitambaa baadaye, anza na mabaki ya vitenge.

Nenda polepole. Ubongo mdogo, ulioko kisogoni, hulinganisha ulichokusudia na kilichotokea, kisha hurekebisha, lakini mwendo mbovu ukiurudia sana nao unazoeleka, na kuuondoa ni kazi.

Halafu lala. Utafiti mmoja wa 2002 ulikuta kwamba watu waliojifunza kugonga vidole kwa mpangilio waliamka wakiwa na kasi zaidi kwa takriban asilimia 20, bila zoezi jingine. Mwanafunzi anayekuja siku 5 kwa wiki anapata usiku 5 wa namna hiyo. Wa Jumamosi anapata mmoja.

Na mafundi wenzangu, naomba sana, tuache kuwachapa rula vidoleni. Gurudumu likirudi nyuma, weka mkono wako juu yake pamoja na wa mwanafunzi, mlizungushe mbele pole pole, kisha mwachie akanyage tena.