Spidi ya Julai, joto la Novemba: kwa mnaoanza kupandisha spidi ya prosesa

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii Mbeya, Iringa au Njombe, kabla hamjaanza kuulizia feni kubwa na rejeta za maji, nunueni kipimajoto cha chumbani. Kitundikeni jirani na mashine, usawa wa pale feni inapovuta hewa. Mtu akikwambia prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta, inakimbia 4.7 GHz (gigahezi, kipimo cha spidi) kwa digrii 80, muulize chumba kilikuwa na digrii ngapi. Asipojua, hajakwambia kitu.

Nasema hivyo kwa sababu ya baridi yetu. Usiku wa Julai pale Uyole, Mbeya, chumba kinashuka hadi digrii 15, na ukiacha dirisha wazi kinaenda chini ya hapo. Oktoba na Novemba, mvua zikiwa bado hazijashika, chumba hichohicho chini ya bati kinakaribia 30 mchana. Prosesa inafuata joto la chumba karibu digrii kwa digrii: chumba kikipanda 15, nayo inapanda 15 na kidogo cha juu, maana silikoni, kile kipande cha ndani ya prosesa, ikiwa ya moto inavujisha umeme zaidi. Kwa hiyo cha kuandika daftarini ni tofauti kati ya prosesa na chumba, mashine ikiwa imebanwa kwa kazi nzito. Tofauti hiyo haiyumbi sana, iwe Julai au Novemba, na ndiyo inayokuonyesha upoozaji wako una uwezo gani.

Kuna kijana anahariri video za harusi. Mashine yake yenye prosesa ya Intel i7-4790K iliwekwa 4.7 GHz usiku wa kipupwe, chumba digrii 15, ikasimama kwenye 80 na kupita majaribio yote. Novemba akahamishia studio Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, chumba kina 34. Piga hesabu: tofauti ilikuwa 65, jumlisha 34, unapata 99. Ukomo wa prosesa ile ni 100. Ikigusa hapo inajipunguzia spidi yenyewe. Hewa ya Kyela ni nzito kuliko ya Uyole, inapoza vizuri zaidi kidogo, lakini digrii chache ilizorudisha zililiwa na vumbi lililoganda kwenye mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachokaa juu ya prosesa kuipoza. Faida yote ya spidi ikayeyuka, na siku nyingine mashine ikazimika video ikiwa katikati ya kutoka. Aliyepewa kuitengeneza akabadilisha pawa saplai, haikusaidia. Iliposhushwa hadi 4.4 GHz, volti zikapunguzwa na mapezi yakapulizwa, ikatulia, na hakuna kilichonunuliwa tena.

Hesabu ninayoitumia ni hii: chukua ukomo wa joto wa prosesa, toa 10 za akiba, kisha toa joto la chumba kikali kuliko vyote ambamo mashine itafanya kazi. Kwa 4790K ya mteja wa Mbeya: 100 toa 10 toa 30, inabaki 60, ndiyo tofauti ya juu unayoruhusiwa. Maana yake usiku wa Julai chumba kikiwa na 15, ukiona prosesa imevuka 75 umeshapitiliza, hata kama imetulia tuli. Ryzen (prosesa za AMD) nyingi za mwanzo ukomo wake ni 95, kwa hiyo hapo tofauti unayoruhusiwa ni ndogo zaidi. Na tafadhali, asije mtu akawasha jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili apate Novemba yake mwenyewe. Gesi ya mkaa inaua. Hesabu ya karatasi inatosha.

Sasa, je, mashine yenyewe inakubali? Kompyuta nyingi zinazoletwa kutoka nje zikiwa zimetumika, hizi Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizojaa madukani, hazina nafasi ya kupandisha spidi kwenye BIOS (kurasa za mipangilio zinazofunguka kabla ya Windows), usipoteze jioni yako kuitafuta. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye herufi K mwishoni na mazabodi (bodi kuu inayobeba prosesa) ya familia ya Z. i7-4790 na i7-4790K zinatofautiana kwa herufi moja, lakini moja kizidishi chake (namba inayopanga spidi) kimefungwa na nyingine kiko huru, na wauzaji hawakuambii. Kwa AMD, karibu Ryzen zote za kompyuta ya mezani ziko huru, ila mazabodi ya A320 inakataa. B450 au B550 inakubali. Ryzen 7 5800X3D nayo imefungwa.

Kuhusu joto linatoka wapi, shikeni jambo moja: umeme unaoliwa na prosesa unapanda sambamba na spidi, lakini unapanda kwa mraba wa volti. Chukua prosesa inayokwenda 4.2 GHz kwa volti 1.20. Ipeleke 4.6 kwa volti 1.35. Spidi imeongezeka chini ya asilimia 10, umeme unaogeuka joto umeongezeka karibu asilimia 39. Ndiyo maana mimi sina haraka na megahezi 200 za mwisho. Ni ghali kuliko zote zilizotangulia, zinapiga kelele usiku kucha, na mteja hazioni. Pandisha kizidishi hatua moja moja ukiwa na volti zilezile mpaka mashine ikatae, ndipo uongeze volti kidogo kidogo. Wengi wanaanza kwa kumwaga volti 1.4 halafu wanashangaa feni.

Kuhusu feni na hitisinki, kuna jambo la kwetu ambalo vipimo vya wazungu havikuambii. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Feni ikizunguka mara 1,500 kwa dakika inasukuma ujazo uleule wa hewa, lakini hewa ya kubeba joto iliyomo ni pungufu. Kwa hiyo ukisoma kwamba hitisinki fulani ilipata tofauti ya digrii 50 kwenye maabara ya Ulaya, hapa tegemea izidi hapo. Baridi ya chumba inatufidia miezi mingi ya mwaka, ndiyo, ila isikupe kiburi. Kama mfuko unaruhusu, chukua hitisinki ya mnara yenye feni ya milimita 120 na mabomba ya shaba manne au zaidi. Ile ya minara miwili kama Noctua NH-D15 inapambana na rejeta nyingi za maji na haina pampu ya kufa.

Ufungaji ndio unaoniudhi kuliko yote. Ukivua hitisinki usikimbilie kufuta pesti (ule uji unaopakwa kati yake na prosesa), kaa uisome. Katikati ikiwa nyembamba hadi unaona chuma kwa mbali, na imesambaa sawa pande zote, mgandamizo ulikuwa mzuri. Ukiona kona moja pesti imebaki nene na ina alama za ncha ncha kama ilivyokuwa ikivutwa, kona ile haikugusa: skrubu yake ilikazwa mwisho, baada ya nyingine kuwa zimeshafika. Kaza kwa msalaba, nusu mzunguko hapa, nusu kule, mpaka zote zisimame. Nimeona tofauti ya digrii nyingi ikitoka hapo tu, kwenye hitisinki ileile na pesti ileile. Na chungulia chini ya hitisinki mpya kama ile karatasi ya plastiki imeondolewa. Msicheke, inatokea.

Wakati mwingine unafunga hitisinki ya maana na joto halishuki, lakini kipande chenyewe cha shaba ukikigusa ni cha uvuguvugu tu. Joto limekwama ndani. i5-2500K na i7-2600K za 2011 kifuniko chake kiliunganishwa kwa risasi ya kulehemu, ndiyo maana zilivumilia sana; 4790K na hata 8700K zilipakwa pesti chini ya kifuniko, na ikizeeka inakauka. Kuna wanaofungua kifuniko na kupaka upya. Mwanzoni usijaribu, na kwenye Ryzen zilizolehemiwa usijaribu kabisa, utang'oa silikoni yote.

Maji. Wengi wanadhani maji yanafanya prosesa iwe baridi kuliko chumba. Hayawezi; mwisho wake rejeta inapulizwa na hewa ya chumba hichohicho, nyepesi vilevile. Faida ya maji ni kubeba joto haraka kutoka kwenye silikoni na kulimwaga mahali penye nafasi. Kingine ni kwamba yanapata moto polepole. Hitisinki ya hewa inafika kikomo chake ndani ya dakika chache, lakini rejeta ya milimita 240 au 360 itakuonyesha namba tamu kwa dakika 10 za kwanza halafu ipande taratibu. Jaribio la maji lisipungue nusu saa, la sivyo unapima maji ambayo hayajapata moto. Panga sehemu ya juu ya rejeta iwe juu ya pampu, ili hewa iliyomo ijikusanye kwenye rejeta na isiingie pampuni. Pampu ikifa utajua: joto linaruka hadi 90 na kitu ndani ya sekunde, bomba moja la moto na lingine baridi. Na kumbuka ukiondoa hitisinki yenye feni, zile saketi za volti kuzunguka prosesa zimepoteza upepo wake. Zielekezee feni, maana zikichemka prosesa inapunguza spidi huku yenyewe ikisoma digrii 65 na wewe ukikuna kichwa.

Kwa wanaojitengenezea mfumo wa maji: nimeona rejeta ya hita ya gari ikiunganishwa na bloku ya shaba, kile kipande cha kupitisha maji juu ya prosesa. Ubunifu naupenda, ila rejeta nyingi za magari ni alumini, na alumini na shaba vikikutana kwenye maji yaleyale alumini inaliwa. Ukitaka maji, omba yaliyosafishwa kwa mvuke, siyo ya bombani. Na ukienda kununua maji ya betri soma chupa vizuri, kuna ya kuongezea na kuna asidi.

Zaidi ya hapo ni michezo ya rekodi. Mwaka 2014 AMD FX-8370 ilifikishwa 8.72 GHz kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri, na mwaka 2022 Core i9-13900K ikavuka 9 GHz kwa heliamu ya kimiminika. Namba hizo zinashika kwa muda wa kutosha kupigwa picha, hakuna anayehariri harusi juu yake. Nawatajia kwa sababu kuna kijana atataka kuzamisha tenki lake la maji kwenye ndoo ya barafu. Chumba cha Tukuyu wakati wa masika, digrii 20 na unyevu wa asilimia 80, umande unaanza kutua kwenye kitu chochote chenye digrii 16 kushuka chini. Mabomba yako yatatoka jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo litadondokea mazabodi.

Kwenye majaribio, Cinebench (programu ya kupima spidi) kupita mara moja ni salamu tu. Ibane kwa programu za mateso, Prime95 ya vipande vidogo (Small FFTs) au OCCT, huku HWiNFO inayosoma vipimo ikiwa wazi, na usiangalie joto peke yake: shuka hadi mstari wa makosa ya WHEA, yale ya vifaa ambayo Windows huyaandika. Ukiona hata moja, haijatulia, ijapokuwa skrini ya bluu haijaja. Kisha ifanyishe kazi ya mwenyewe, video yake, mchezo wake. Halafu iache bila kazi usiku. Ryzen 5000 zilizochezewa Curve Optimizer (mpangilio wa kupunguza volti) hupita kila mateso na kuanguka zikiwa zimekaa tu, kwa sababu volti za mapumziko ndizo zilizokatwa sana. Kwa prosesa mpya namna hiyo, kuliko kulazimisha spidi ya mkono, nashauri upunguze volti na uiache ijipandishe yenyewe. Ryzen 7000 zimeundwa zikimbie hadi digrii 95 zikibanwa, usishtuke. Na mwenye Core i9 ya kizazi cha 13 au 14 asianze chochote kabla ya kusasisha BIOS: Intel ilikiri mwaka 2024 kwamba volti zilizozidi zilikuwa zinaziharibu, ikatoa marekebisho Agosti mwaka huo.

Majaribio yote yafanye ukiwa na UPS. Umeme ukiyumba sekunde moja na mashine ikajiwasha upya, utadhani ni volti kumbe ni nguzo ya mtaani. Kwenye mazabodi zilizotumika, betri ndogo ya BIOS mara nyingi imeshakufa, kwa hiyo umeme ukikatika kila ulichopanga kinafutika, na mteja anakupigia kwamba mashine imepungua nguvu. Betri ni CR2032, mafundi saa wa Mwanjelwa, Mbeya, wanazo. Ibadilishe kabla hujaanza, na ukimaliza piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu, kwa sababu profaili ulizohifadhi humo mara nyingi hupotea siku ukiisasisha.