Wimbo wa bibi, mjukuu na choo

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: Ni wimbo gani wa lugha usiyoifahamu uliowahi kukutoa machozi, na mwenzako akitaka kuusikiliza aanzie wapi?

Wangu ni wa Kijapani. Unaitwa "Toire no Kamisama", yaani "Mungu wa Choo", umeimbwa na Kana Uemura, na ulitoka mwaka 2010. Unahusu bibi, mjukuu na kusafisha choo. Najua wapo watakaoguna hapo kwenye choo, ndiyo maana naomba mnipe nafasi nieleze.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Tuliwahi kupata mwalimu wa hesabu wa kujitolea kutoka Japani, binti mpole aliyependa kubaki ofisini jioni akisahihisha madaftari huku simu yake ikiimba kwa sauti ya chini. Siku moja nilimwona ameweka kalamu chini, anajifuta macho kwa kiganja. Nikamwuliza, "Mwalimu, kwema nyumbani?" Akanijibu kuwa ni kwema, ni wimbo tu. Nikavuta kiti nikamwomba anifasirie mstari kwa mstari. Kiswahili chake kilikuwa kinatosha, na pale kilipopungua alinichorea.

Mwimbaji anasimulia kuwa tangu alipokuwa darasa la tatu aliishi na bibi yake, ingawa nyumba ya wazazi ilikuwa hapo hapo jirani. Alimsaidia kazi kila siku, na wakicheza walicheza gomoku, mchezo wa kupanga kete tano kwenye mstari mmoja. Kazi moja tu ilimshinda: choo. Basi bibi akamwambia kwamba ndani ya choo anakaa mungu wa kike, mzuri sana, na msichana anayekisafisha kila siku atakuja kuwa mzuri kama yeye. Kuanzia siku hiyo mtoto akawa anasugua choo mpaka kinang'aa, maana uzuri aliutaka kwelikweli. Wakitoka kununua vitu, wawili hao walikuwa wanakula tambi za supu zenye nyama ya bata. Bibi akisahau kumrekodia kipindi chake cha vichekesho kwenye televisheni, mtoto alilia na kumlaumu.

Halafu mtoto anakua. Anagombana na bibi, nyumbani hakukaliki, siku za mapumziko anazimalizia kwa mpenzi wake. Hapa ndipo mwenzangu alipokuwa amesimamisha kalamu. Wimbo unasema tu kwamba kete za gomoku na tambi za bata zikatoweka kati yao. Baadaye binti anahamia Tokyo, anamwacha bibi peke yake. Miaka miwili inapita, bibi analazwa hospitali, amekonda, amekuwa mdogo. Mjukuu anafunga safari kwenda kumwona, anajitahidi kumsalimia kama zamani alipokuwa akirudi nyumbani. Wanazungumza kidogo tu, bibi anamwambia basi nenda, anatolewa chumbani. Kesho yake asubuhi bibi anafariki kwa utulivu, kana kwamba alikuwa anamsubiri afike kwanza.

Mimi nililelewa na bibi, Muheza. Mara ya mwisho nilipomkuta kitandani aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, akageukia ukutani akalala. Hatukuzungumza tena. Kwa hiyo mwenzangu alipofika pale pa "basi nenda", hakuhitaji kunifasiria zaidi. Tulikaa ofisini mpaka mlinzi akaja kuuliza kama afunge.

Lakini sitaki msomaji adhani nililia kwa sababu ya mambo yangu tu. Nimeusikiliza wimbo huu tena na tena kama mwalimu wa fasihi, na nasema kwa uhakika kwamba umetungwa kwa ufundi mkubwa. Tazama kete na tambi. Vinapotajwa mara ya kwanza ni furaha ya mtoto, unavisikia unapita. Vinapotajwa mara ya pili havipo tena, na humo umeelezwa mapenzi yote yaliyopoa bila kuambiwa kuwa yamepoa. Vivyo hivyo kiitikio. Maneno ya bibi kuhusu mungu wa choo yanarudi, na kila yakirudi umri wa anayeyaimba umebadilika: mwanzo ni mtoto anayetaka uzuri, mwisho ni mtu mzima anayesugua choo kwa sababu hicho ndicho alichoachiwa. Anakiri kwamba hakumlipa bibi fadhila zake, anashukuru, basi.

Na sauti yake haipandi. Gitaa linatembea lile lile, mwimbaji anasimulia kama mtu aliyekaa mbele yako. Wimbo una dakika karibu kumi, mara mbili na zaidi ya nyimbo za kawaida za redio, na bado ulipigwa redioni, ukaimbwa kwenye Kōhaku, lile tamasha la nyimbo la mkesha wa mwaka mpya la NHK, shirika la utangazaji la Japani, mwaka ule ule wa 2010. Pia ukatengenezewa kitabu cha picha na tamthilia ya televisheni. Dakika zote hizo mwimbaji halii. Kulia kote amemwachia msikilizaji.

Nilipoligundua hilo nilianza kulitafuta katika nyimbo nyingine za kwao, na nikalikuta hata katika wimbo wa Kijapani uliovuma kuliko zote nje ya Japani: "Ue o Muite Arukō" wa Kyu Sakamoto, uliotoka mwaka 1961. Huko Marekani waliupa jina la chakula, "Sukiyaki", na Juni 1963 ukashika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard ukiwa umeimbwa kwa Kijapani kitupu. Mtu anatembea peke yake usiku, ameinua uso juu ili machozi yasidondoke. Kuna mahali maneno yanakoma na mwimbaji anapiga mluzi. Mtunzi wa maneno, Rokusuke Ei, alikuwa na uchungu wa maandamano ya mwaka 1960 ya kupinga mkataba wa usalama na Marekani, maandamano yaliyoshindwa. Lakini ndani ya wimbo hakutia siasa hata chembe. Hasemi analia nini. Uemura anataja kila kitu hadi nyama iliyomo kwenye supu, Ei anaficha kila kitu, na wote wawili wanakufikisha pale pale.

Tarehe 12 Agosti 1985 Sakamoto alipanda ndege ya Japan Air Lines kutoka Tokyo kwenda Osaka. Ikaanguka mlimani. Walikufa watu 520, naye akiwemo, ana miaka 43. Tangu nilipojua habari hiyo, ule mluzi siwezi kuusikia kama wimbo wa furaha, ingawa wapo wanaoucheza kwenye sherehe.

Mwingine ninaoupenda sana ni "Nada Sōsō". Maneno ni ya Ryoko Moriyama, muziki ni wa kundi la BEGIN kutoka kisiwa cha Ishigaki, Okinawa. Moriyama aliandika akimkumbuka kaka yake aliyefariki kijana. Anafungua albamu ya picha za zamani, anamnong'oneza asante mtu aliyekuwa akimtia moyo siku zote. Aliutoa mwenyewe mwaka 1998, lakini uliowaliza watu nchi nzima ni ule wa Rimi Natsukawa wa mwaka 2001, naye ni mzaliwa wa hapo hapo Ishigaki. Sauti yake inakatika kidogo mwishoni mwa mstari, kwa namna ya waimbaji wa visiwa vile, na hapo ndipo panaponimaliza. Mtoto wa Moriyama, Naotaro, naye alitoa "Sakura" mwaka 2003, wimbo wa marafiki wanaoachana, na hadi leo huimbwa shuleni wanafunzi wanapohitimu. Mwaka wa shule wa Japani unaisha Machi, karibu na maua ya miti ya sakura, kwa hiyo nyimbo za kuagana wanazo nyingi mno. Kama mwalimu naupenda zaidi "Tegami" wa Angela Aki, uliokuwa wimbo wa mashindano ya kwaya ya NHK kwa shule za sekondari za chini mwaka 2008. Kijana wa miaka 15 anajiandikia barua atakapokuwa mkubwa, kisha mkubwa anamjibu. Nimewafasiria wanangu wa kidato cha pili, nikawaambia nao waandike. Zile barua sikuzitia alama.

Hapa naomba nitoke kidogo. Kuna wasomaji watakaosema hayo ni mambo ya mbali, sisi yanatuhusu nini. Sisi wa pwani hatukuanza jana na muziki wa Japani. Tashkota iliyopigwa katika taarab ya Mombasa ni taishōgoto yao, chombo cha nyuzi chenye vibonyezo kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912. Chombo kilivuka bahari kikakaa mikononi mwetu hadi tukakiona chetu. Tofauti naiona kwa wasikilizaji. Kwetu wimbo wa taarab ukimgusa mtu, anainuka, anakwenda kutuza, kila mtu anajua umempata. Mwenzangu wa hesabu aliniambia kwao ukumbi hunyamaza, kila mtu na leso yake. Siku hizi wana hata mikusanyiko ya watu kukaa pamoja kutazama filamu fupi na kusikiliza mambo ya kuwaliza, wakiamini kulia kunapunguza msongo, na wanaiita rui-katsu. Mimi naona ni jambo jema. Wanaume wetu wengi wangehitaji mahali kama hapo.

Sipendi zote, na niseme hivyo waziwazi. Wana jina kabisa la nyimbo za kuliza, naki-uta, na jambo likishakuwa na jina sokoni, wapo watakaoligeuza biashara. Zipo ambazo unasikia vinubi vinaingia, sauti inapandishwa ngazi nzima karibu na mwisho, na unatambua kwamba hapa natakiwa nilie. Hizo hunikausha macho.

"Lemon" wa Kenshi Yonezu nilikuwa nauogopea hilo, maana ulivuma sana, ukaongoza chati ya mwaka ya Billboard Japan mwaka 2018 na tena 2019. Uliandikwa kwa ajili ya tamthilia ya "Unnatural", inayohusu madaktari wanaochunguza maiti za watu waliokufa katika mazingira ya utata. Akiwa bado anautunga, babu yake akafariki, na kazi aliyoagizwa ikageuka msiba wake mwenyewe. Mdundo wake ni wa kisasa, unaweza hata kutingisha kichwa. Lakini katikati ya mdundo kuna harufu chungu ya limau iliyoganda kifuani na isiyotoka. Nani hajawahi kukamatwa na harufu ya marehemu kwenye nguo aliyoiacha? Tarehe 31 Desemba 2018, kwenye Kōhaku, aliuimba kutoka jumba la sanaa la Ōtsuka, mkoani kwao Tokushima, amezungukwa na mishumaa. Huo umestahili umaarufu wake wote.

Na kuna mmoja ambao sithubutu kuuchambua sana. Baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, NHK walitoa "Hana wa Saku", yaani "Maua Yanachanua", mwaka uliofuata ili kuchangia waathirika. Maneno ni ya Shunji Iwai, muziki wa Yoko Kanno, wote wawili wazaliwa wa Sendai, mji mkuu wa mkoa ulioumizwa vibaya. Kwenye video wasanii na watu wengine wa eneo lile wanapokezana mistari, kila mmoja ameshika ua la jabera. Unadhani ni waliobaki wanaowaimbia waliokufa. Ukisikiliza vizuri unatambua ni kinyume chake: ni waliokufa wanaowaimbia waliobaki, wanaulizia nini walichokiacha nyuma, na wanawatakia maua wale watakaozaliwa. Kwa watu waliopoteza maelfu kwa siku moja, wengi hata miili yao haikupatikana, mtunzi aliamua kuwapa marehemu nafasi ya kusema. Nilifunga simu nikaenda kukaa nje.

Sasa sehemu ya pili ya swali. Msomaji mwenzangu, usianze kwa kubonyeza wimbo. Tafuta kwanza maneno ya "Toire no Kamisama" yaliyofasiriwa, uyasome yote polepole hadi uzijue kete na tambi. Kisha sikiliza toleo refu, si lile lililokatwa, ukiwa peke yako au na mtu ambaye huoni haya kulia mbele yake. Usifanye hivyo ndani ya daladala. Siku nyingine sikiliza "Nada Sōsō" ya Natsukawa, halafu wa Sakamoto, na mluzi ukifika usiuruke. "Lemon" unaweza kuusikiliza wakati wowote, una mdundo utakaokushika mkono. "Hana wa Saku" uache wa mwisho, na kama umefiwa karibuni, subiri kwanza.

Msomaji wenu,
Tanga