Maneno ya Kiingereza Yanayoandamana: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, kampuni ninayoifanyia kazi husafirisha mizigo kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, nami ndiye ninayewaandikia mawakala wa Ndola na Kitwe kwa Kiingereza. Kila neno nalitafuta katika kamusi, lakini hivi karibuni wakala mmoja aliuliza kwa nini tunaahidi kuchelewa. Nilikuwa nimeandika "We will respect the delay." Kosa liko wapi?
Karani, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, sarufi ya sentensi yako ni safi. Tatizo ni kwamba uliifikiri kwa Kifaransa, "respecter le délai", kisha ukahamisha neno moja moja. "Délai" ya Kifaransa ni muda uliopangwa, ilhali "delay" ya Kiingereza ni kule kuchelewa kwenyewe. Anayeahidi kumaliza kazi kwa wakati huandika "meet the deadline", na wakala wako akisoma hivyo hatakuwa na la kuuliza.

Kila lugha ina maneno yaliyozoea kuandamana, na mazoea hayo hayakisiwi. Sisi hupiga simu, hupiga pasi, hupiga kura na hupiga magoti, na mgeni anayejifunza Kiswahili hana budi kuyapokea maneno hayo mawili mawili, kila jozi kama kitu kimoja. J. R. Firth, mwanaisimu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1960, alisisitiza kwamba sehemu ya maana ya neno imo katika maneno linaloandamana nayo. Naona hapo ndipo mafundisho yetu ya Kiingereza yanapopungua zaidi, kwa kuwa mwanafunzi hupewa orodha ya maneno yaliyotengwa, kila moja na tafsiri yake ya Kifaransa, naye huamini kwamba amekwisha kuyajua.

Katika kazi yako, jozi ya kuangaliwa kuliko zote ni "take in charge". Tukisema kwa Kifaransa kwamba tutabeba gharama, tunasema "prendre en charge", lakini kwa Kiingereza aliye "in charge" ni msimamizi, na kusimamia usafirishaji si kuulipia. Andika "We will cover the transport costs", maana fedha zikiingia katika barua, utata mdogo huzaa ugomvi mkubwa. Dereva akipata ajali, andika kwamba alipata, "had an accident", wala usitumie "made". Mvua kubwa ya Januari inayoharibu barabara ni "heavy rain", ingawa upepo mkali ni "strong wind". "Discuss" haitaki "about" nyuma yake, na "depend" hudai "on" pale ambapo Kifaransa hutuvuta tuandike "of".

"Make" na "do" husumbua kwa sababu Kifaransa hutosheka na "faire" na Kiswahili na "kufanya". Kosa na malipo huenda na "make": "make a mistake", "make a payment". Kazi na biashara huenda na "do": "do the work", "do business". Walimu wengine hufundisha kwamba "make" ni ya kuumba kitu ambacho hakikuwapo. Kanuni hiyo husaidia kidogo, kisha huvunjwa na "do damage", kwa hiyo nashauri kukariri jozi zenyewe. Barua unazopokea kutoka Ndola ni mwalimu mzuri: nakili katika daftari fungu zima la maneno, pamoja na kihusishi chake, na usinakili kamwe neno likiwa peke yake.

SWALI: Nimefanya mtihani wa Kiingereza, matokeo bado. Katika barua ya kuomba kazi nimeandika "I passed the English exam." Je, ni sahihi?
Mwanafunzi, Bukavu

JIBU: Ndugu mwanafunzi, irekebishe kabla hujaituma. "Passer un examen" ni kufanya mtihani tu, lakini "pass an exam" ni kufaulu, na mwajiri atakayekudai cheti atadhani umemdanganya. Andika "I took the English exam and I am waiting for the results", bila kuliacha hilo "for".